Nilivyopima Busaa ya Shangazi

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua nyanya, nageuza zile za chini. Nikiambiwa nyama ni ya leo, nainusa mbele ya mwenye bucha bila haya. Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya shule moja ya sekondari hapa Eastlands, nikiosha vyombo vya kioo na kuwapimia wanafunzi wa kemia dawa zao, na kazi hiyo haikunipunguzia tabia. Ilinipa vifaa tu.

Sifa yangu mtaani ilitokana na maziwa. Kulikuwa na bwana aliyetuletea maziwa kwenye ploti yetu ya wapangaji kila asubuhi kwa pikipiki. Siku moja nikashuka na laktomita ya shule nikaitumbukiza kwenye mtungi wake, akina mama wote wamesimama na sufuria zao mkononi. Kifaa kikazama mpaka shingoni. Maziwa yaliyotiwa maji hayana nguvu ya kukibeba. Yule bwana alifunga mtungi wake kombokombo, akawasha pikipiki, na hatukumwona tena. Tangu siku hiyo, nikisema kitu fulani kimetiwa kitu kingine, watu hawaniulizi swali la pili. Nilipenda sana kuaminiwa hivyo, sitaficha.

Sasa nieleze habari za kaka yangu. Amenizidi miaka minne. Alikuwa fundi wa rangi, na mageti mengi ya mitaa hii yamepita mikononi mwake. Miaka kadhaa iliyopita alikunywa pombe kali na wenzake watatu katika chumba kimoja nyuma ya karakana. Kuna mtu alikuwa ameitia kitu, na mpaka leo hatujui ni nini. Wawili hawakuamka. Yeye aliamka haoni, na kwa siku tatu nilimlisha kwa mkono wangu nikimwambia huu ni ugali, hii ni sukuma. Macho yalirudi. Daktari akatuambia waziwazi kwamba akiigusa tena pombe ya namna hiyo, tusitarajie bahati mara ya pili.

Basi akahamia kwangu, ghorofa ya pili, vyumba viwili. Tukakubaliana. Pombe kali asiione hata kwa macho, lakini mtu aliyekunywa miaka thelathini huwezi kumwambia awe malaika kesho. Kwa hiyo nilimruhusu kitu kimoja: busaa ya shangazi yetu, Jumamosi mchana, vikombe viwili, halafu nyumbani. Maisha yake yalining'inia kwenye vile vikombe viwili. Vikiwa safi, kaka yuko salama. Vikiwa vimeguswa, namzika.

Shangazi anaishi Njiru, kwenye kipande chake kando ya Barabara ya Kangundo, vibanda vitatu vya mabati upande huu, mahindi machache upande ule, na tangi jeusi la maji katikati. Kwetu magharibi shangazi ni senje, na hata wateja wake wasio wa kabila letu humwita Senje. Anapika busaa kama alivyofundishwa na mama yake. Unga wa mahindi anaukanda na maji, anaufunika siku kadhaa mpaka uchachuke, anaukaanga juu ya bati pana kwenye moto wa kuni mpaka uwe mweusimweusi na harufu yake ifike barabarani. Halafu anauanika, anautia kwenye pipa na maji, na kuongeza kimea cha wimbi. Siku mbili au tatu baadaye anachuja kwa gunia. Zamani wazee walizunguka mtungi mmoja na mirija mirefu. Siku hizi kila mtu ana kopo lake, ila maji moto hayajaachwa: busaa inamiminwa kwenye kopo, kisha inaongezwa maji kutoka kwenye birika linalochemka pembeni, kwa sababu mtu wa kwetu hanywi busaa baridi. Nimeliona birika hilo tangu nikiwa natambaa. Nilikuwa nimeliona sana.

Shangazi ana njia yake ya kujua pombe ina nguvu kiasi gani. Anatega sikio kwenye pipa na kusikiliza inavyochemka bila moto. Anachovya kidole, analamba, anafumba macho. Halafu anatoa hukumu kwa vikombe.

"Hii ni ya vikombe vitatu," atasema.

Maana yake ni kwamba kikombe cha tatu kitamfanya mzee mstaafu wa reli, mteja wake wa miaka mingi, aanze kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kwanza. Ikiwa dhaifu zaidi, anasema ya vikombe vinne au vitano. Ikiwa kali, ya vikombe viwili, na hiyo huiongezea maji kabla ya kumpa mtu yeyote. Yule mzee alikuwa ndiye kipimo. Mimi nilikuwa nikicheka. Nilimwambia kwamba shuleni hatupimi kitu kwa koo la mzee.

"Basi lete mashine yako," akasema, na hapo ilikuwa ni utani tu.

Ulipoanza msimu wa baridi nikaanza kuona mambo. Jumamosi moja kaka alirudi kutoka Njiru saa kumi jioni, akapanda ngazi akiburuta mguu mmoja. Alipotaka kunisalimu, ulimi ulikuwa mzito. Baada ya nusu saa akawa sawa, akataka chai. Jumamosi iliyofuata aliweka kikombe mezani na meza haikuwa hapo alipodhani iko. Jumamosi ya tatu alikaa kwenye kochi akinitazama kana kwamba ananitafuta katika kumbukumbu yake.

"Umekunywa vikombe vingapi?" nikamuuliza.

"Viwili."

"Viwili vya nini?"

"Vya busaa, dada. Kwani kuna nini kingine?"

Mtu aliyekunywa vikombe viwili vya busaa haburuti mguu. Nilimwamini kuhusu idadi, kwa sababu kaka hajui kudanganya, masikio yake husimama. Kwa hiyo nikashuku kikombe. Nikaanza kujumlisha. Wateja wa shangazi walikuwa wameongezeka, na mimi wateja wakiongezeka naanza kujiuliza wanafuata nini. Vijana wa kuosha magari kule barabarani, ambao zamani waliicheka busaa na kuiita uji wa wazee, sasa walikuwa wanaingia pale langoni wawiliwawili. Kijana haachi pombe kali kwa ajili ya uji. Kwa hiyo uji umetiwa kitu. Glasi moja ya chang'aa ndani ya pipa, nani ataonja? Nilipofika hapo nilipata joto kifuani, lile lile nililolipata siku ya maziwa.

Sikumwambia kaka. Shuleni tuna haidromita, kijiti cha kioo chenye tumbo zito chini na shingo nyembamba yenye namba. Katika maji matupu inasimama kwenye elfu moja. Katika kitu chenye sukari inapanda juu zaidi, na sukari ikishageuka kuwa pombe inashuka. Nilitazama video kwenye simu, wazungu wenye ndevu wakipika bia kwenye maegesho ya magari yao, wakaeleza hesabu: pima mwanzo, pima mwisho, toa, zidisha kwa mia moja thelathini na moja, gawanya kwa elfu. Unapata asilimia ya pombe. Ni hesabu ya mtoto. Nikaiazima haidromita na silinda yake ya kioo, nikaviviringisha ndani ya leso, nikavitia kwenye mkoba.

Alhamisi nilikwenda Njiru baada ya kazi nikisema nimekuja kusaidia. Shangazi alifurahi. Ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na siku hiyo aliniita mama kila sentensi. Nilikoroga kimea mpaka mabega yakaniuma. Alipoingia ndani kutafuta kifuniko, nikachota kidogo, nikachuja mara mbili kwa kitambaa, nikapima. Elfu moja na arobaini. Nikaandika kwenye kiganja. Aliporudi nilikuwa naosha mikono, na akanipa ndizi tatu za kubeba nyumbani. Nilizipokea. Nilizila pia.

Jumamosi nilifika kabla ya kaka. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, mstaafu wa reli akiwa mwanzoni kama kawaida, kofia magotini. Kaka akaja, akashangaa kuniona, akakaa. Shangazi akamimina. Nikamtazama mkono wake kila hatua. Pipa, kata, kopo, birika. Sikuona chupa yoyote. Hilo lilinithibitishia kwamba kitu kinatiwa mapema, pipani, kabla ya watu kufika. Ndivyo akili yangu inavyofanya kazi: nisipoona kitu, nasema kimefichwa vizuri.

Aliponipa kopo la kaka nimpelekee, sikumpelekea. Nilizunguka nyuma ya tangi. Nikachuja kwa kichungi cha chai, nikachuja tena kwa leso, nikajaza silinda. Kioo kilikuwa kinachoma vidole nikakishika kwa pindo la leso. Nikatumbukiza haidromita, nikaizungusha ili mapovu yasiishike na kuipandisha, nikainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kama ninavyowafundisha watoto wa watu kila muhula. Nilifanya kila kitu kwa uangalifu. Ilisimama kwenye mia tisa tisini na tano.

Nilipiga hesabu kwenye simu. Karibu asilimia sita. Busaa yenyewe, kwa jinsi nilivyosoma na nilivyoulizia, ingefika tatu, nne ikizidi sana. Nikarudia hesabu, ikaja ile ile. Nasema kweli, nusu ya nilichohisi ilikuwa hofu ya kaka yangu na nusu ilikuwa furaha ya kupatia.

Nilitoka nyuma ya tangi na silinda mkononi.

"Senje," nikasema, "hii pombe umeitia nini?"

Shangazi alikuwa na kata mkononi. "Nimeitia nini namna gani?"

"Mashine imesema. Hii ni mara mbili ya busaa. Huyu mtu unajua kilichompata. Unajua! Na bado unampa hii?"

"Mama, sikiza. Kikombe cha kaka yako nakijua mimi."

"Nakijua pia. Nimekipima."

Mzee wa reli aliinua mkono polepole. "Madam, mimi niko cha tatu na sijaimba. Na huyu, kikombe chake Senje huwa anakitia maji moto kushinda chetu. Chake ni chai tu."

Nilimwona mzee kama mshirika. Mteja atasema nini dhidi ya mwenye pipa? Nikawageukia wengine nikawaonyesha namba, nikaeleza elfu moja na arobaini, nikaeleza kutoa na kuzidisha, na nikaona yale macho niliyoyaona siku ya maziwa. Mmoja akaweka kopo chini. Kijana wa kuosha magari akamwambia mwenzake, "Buda, huyu madam ni wa lab. Hawezi bahatisha." Wakaondoka. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila kumuaga mwenye nyumba.

Shangazi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alifunika pipa, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akamtazama kaka yangu aliyekuwa amesimama katikati yetu mikono mitupu.

"Enda na dada yako," akamwambia. "Usikuje tena hapa mpaka yeye aridhike." Kisha akaniambia mimi: "Sipiki tena, madam. Nimewacha leo."

Tulipofika kwenye ngazi kaka akasimama. "Hukuniuliza," akasema. Nikamjibu kwamba nilikuwa najaribu kumwacha hai. Akasema anajua, na akapanda akishika ukuta.

Wiki iliyofuata, Jumanne asubuhi, anakunywa chai mbele yangu, kikombe kilimponyoka kikapasuka. Alitaka kusema pole na mdomo ukakataa. Ilipita baada ya dakika kumi. Shangazi alikuwa hapiki, busaa hakuna, na bado dalili zile zile. Mtu mwingine angekaa chini na kufikiri. Mimi nilimwambia afungue mdomo nikamnusa. Alipokwenda kuoga nikapekua koti lake, nikakuta peremende, risiti ya rangi ya kopo dogo, na chupa ya dawa ya kikohozi. Nikaifungua ile dawa nikaipeleka ulimini. Ilikuwa dawa ya kikohozi.

Alhamisi nilikuwa peke yangu maabarani nikiosha vyombo. Birika lilikuwa limechemka na nilikuwa nimechanganya maji moto na baridi kwenye silinda ndefu ili kuondoa mafuta. Haidromita ilikuwa kwenye beseni. Sijui kwa nini niliitumbukiza mle, labda mkono ulikuwa na mazoea. Maji matupu ya mfereji, yanayopaswa kusimama kwenye elfu moja, yalisimama kwenye mia tisa themanini na nane.

Nilidhani imepasuka. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya shingo yake, kwenye karatasi ile ile yenye namba, kulikuwa na maandishi madogo ambayo nimewasomea wanafunzi kwa miaka: nyuzi joto ishirini, yaani namba zake ni za kweli katika joto hilo tu. Kitu cha moto ni chepesi, kifaa kinazama zaidi, na mwenye kupima akisahau joto ataona pombe isiyokuwepo. Alhamisi ile ya Njiru nilipima busaa baridi kutoka pipani. Jumamosi nilipima busaa iliyotoka kutiwa maji ya birika, niliyoishika kwa leso kwa sababu ilikuwa inaniunguza. Yale maji moto sikuyaona kama kitu kilichoongezwa. Kwetu ni sehemu ya busaa, kama chumvi ilivyo sehemu ya mboga. Mgeni angeyaona mara moja.

Nilikaa kwenye stuli nikafanya hesabu upya. Nikarudisha joto mahali pake, nikatoa yale maji yaliyoongezwa, na kikombe cha kaka kikashuka chini ya asilimia tatu. Kilikuwa dhaifu kuliko busaa ya mzee yeyote pale kwenye mabenchi. Mzee wa reli alikuwa amesema ukweli mtupu, kwamba shangazi alikuwa akimtilia mgonjwa wetu maji zaidi, kimyakimya, bila kumdhalilisha mbele ya wenzake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaahidi nafsi yangu kwamba Jumapili baada ya kanisa nitakwenda Njiru, nipige magoti ikibidi. Sikupiga simu. Kuomba radhi kwa simu niliona ni udhaifu, na ukweli ni kwamba nilitaka siku mbili zaidi za kutokuwa mwenye makosa.

Lakini hebu tazama akili ya mtu anayeshuku. Haidromita ilikuwa imemsafisha shangazi. Basi mguu ule unaoburutwa unatoka wapi? Kama si busaa, ni kitu kingine. Na kama ni kitu kingine, kaka anakipata kwa siri, na yale masikio yake yamejifunza kudanganya. Sikuiacha shuku, niliihamisha tu. Kufikia Ijumaa jioni nilikuwa na hakika.

Jumamosi niliamka mapema nikitaka kwenda soko la mitumba la Gikomba kutafuta mapazia kabla marobota hayajachaguliwa. Saa kumi na mbili na nusu nikapita mlangoni kwake. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mguu mmoja umenyooka na mwingine umekunjika vibaya. Macho yalikuwa wazi. Aliponiona alitoa sauti, lakini haikuwa neno.

"Umeipata wapi?" nikamuuliza.

Akatoa sauti tena. Mkono wake wa kushoto ukainuka kidogo ukinielekea.

"Nimekuuliza, umeipata wapi? Nani anakuletea?" Nikainua godoro. Nikatazama nyuma ya kabati. Nikachungulia kwenye ndoo ya rangi. Hakukuwa na chupa, na hilo, kama kawaida yangu, likanikasirisha zaidi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kwamba kwa ajili yake nimemvunjia heshima dada ya baba yetu, na hakuwa na thamani hiyo. Kisha nikamfunika blanketi, nikamwekea jagi la maji karibu, nikatoka, na nikafunga mlango wa nje kwa kufuli ili asiteremke kutafuta nyingine. Nilifunga kwa nguvu asikie.

Gikomba nilipata mapazia mazuri, ya rangi ya maziwa. Nilibishana na muuzaji, nikanywa chai, nikakutana na mwalimu wa shuleni kwetu tukazungumza. Nilirudi saa saba kasoro. Nilipofungua, jagi lilikuwa pale pale halijaguswa. Kaka alikuwa ametelezea upande mmoja, suruali imelowa, na macho bado yako wazi.

Nikampigia shangazi. Haikuwa kuomba radhi. Nilikuwa nimejaa hofu na hofu yangu hutoka kama ukali. "Senje, amekuja huko jana? Kuna mtu amempa kitu?"

"Hakuna mtu amekuja. Pipa bado liko na jiwe juu. Ana nini?"

"Amelewa toka asubuhi, hawezi kusimama, hawezi kusema."

"Ananuka?"

Nilinusa. Nilinusa mkojo, na blanketi, na pumzi ya mtu ambaye hajapiga mswaki. "Hapana."

"Mwangalie mdomo. Umekaa aje?"

Nikamwangalia. Nilikuwa nimemtazama uso asubuhi nzima nikitafuta uongo, na sikuwa nimeuona uso wenyewe. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka, mdomo umevutwa chini, mate yamekauka kidevuni.

"Umeenda upande," nikasema.

"Mwambie akushike mkono. Mikono yote mbili."

Wa kushoto ulinishika. Wa kulia ulilala kwenye kiganja changu na haukufanya lolote.

"Hiyo si pombe," shangazi akasema. "Baba yenu aliondoka hivyo. Mpeleke hospitali sasa hivi, nakuja na boda."

Jirani wa chini ana teksi, akatusaidia kumteremsha. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Njiani nilimwambia nisamehe, nikarudia mpaka neno likapoteza ladha, na sikujua kama anasikia. Shangazi alifika hospitalini kabla yetu, leso moja kichwani na nyingine kiunoni, vumbi la Njiru miguuni. Hakunitazama kwa ubaya. Alinisaidia kusukuma kitanda. Tulipokuwa tukingoja kwenye korido nilimweleza yote: haidromita, birika, nyuzi joto ishirini. Nilimweleza pia kuhusu asubuhi, na kufuli. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika nguzo ya kitanda.

Daktari alikuja karibu na saa nane, msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, kalamu mkononi. Akamulika macho ya kaka, akampima pande zote mbili, akasema ni kiharusi. Akauliza kama kulikuwa na dalili kabla. Nikasema ndiyo, kwa wiki nyingi: mguu, ulimi, kikombe. Zilikuwa zikija na kupita. Akatikisa kichwa polepole akiandika.

"Na leo? Hii ilianza saa ngapi?"

Sikuwa nimefungua mdomo bado. Shangazi alinitangulia.

"Saa saba, daktari," akasema bila kupepesa. "Alikuwa anakula. Tulimwona ikimshika, tukakuja moja kwa moja."

Alisema hivyo ili kunifunika. Mwanamke niliyemwita muuza sumu mbele ya wateja wake alisimama katikati yangu na lile swali, na kama ningenyamaza, lingepita. Daktari aliandika saa saba. Uso wake ulichangamka.

"Hiyo ni nzuri," akasema. "Mmemleta mapema. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, tukiipata picha ya kichwa tunaweza kumpa sasa hivi. Mkono unaweza kurudi, hata maneno. Ni kwa wale wa masaa machache tu. Aliyekaa zaidi, hiyo dawa inamwua."

Shangazi alinigeukia. Nilimwona akielewa alichokifanya, midomo yake ikitafuta namna ya kukirudisha, lakini hilo halikuwa lake la kusema.

"Si saa saba," nikasema. "Ni kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

Daktari aliinua kalamu. "Nani alimwona saa hizo?"

"Mimi."

"Ulimwona akiwa hivi?"

"Nilimwona. Nikadhani amelewa. Nikamfungia mlango nikaenda sokoni."

Alinitazama muda mfupi, halafu akatazama karatasi, akakata saa saba kwa mstari mmoja na kuandika juu yake. Hakusema tena habari ya ile dawa. Nikamgeukia kaka. Alikuwa macho, jicho la kushoto limekaza usoni kwangu, na chozi likimteremka upande ambao bado ulikuwa wake. Alikuwa amesikia kila neno.